Ujamaa wa Betri

Niliporudi nyumbani kutoka nchi ya baridi nilikosomea stashahada ya elektroniki, nilikuta watu wa Temeke bado wanaanika betri juani. Nilizaliwa palepale, kwa hiyo halikuwa jambo geni kwangu. Utotoni mwangu betri za redio ya marehemu baba zilipandishwa juu ya bati asubuhi na kuteremshwa alasiri, kama nguo. Lakini nilikaa nje miaka mingi, nikaamini kwamba nitakaporudi watu watakuwa wameshaacha. Nilishuka kwenye teksi na masanduku yangu, cheti changu kikiwa ndani ya bahasha ngumu kisije kikajikunja, na kitu cha kwanza kunipokea kibarazani kwa dada yangu kikawa ungo. Upande mmoja wa ungo kulikuwa na mchele unaosubiri kuchaguliwa. Upande wa pili kulikuwa na betri, zimepangwa mstari, zimeelekezwa jua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Angalia usizipige teke hizo," akasema kabla hata ya kunikumbatia. "Zinaota jua."

Hayo ndiyo mapokezi niliyopata. Mtu ametoka kusoma namna umeme unavyotembea ndani ya vitu visivyoonekana kwa macho, anaambiwa apite kwa uangalifu asizisumbue betri zinazoota jua.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa havipatikani vilikuwa vimeanza kupatikana, na watu waliokuwa hawana cha kuuza walikuwa wameanza kuuza. Wenzangu wenye vyeti walipanga foleni kwenye maofisi kuomba kazi ambazo maofisi yenyewe yalikuwa yanazipunguza. Mimi sikupanga foleni. Sijawahi kupanga. Nilikuja na kazi yangu ndani ya sanduku: televisheni moja, mashine ya gemu, na pedi mbili za kuchezea zisizo na waya.

Leo mtu akisikia pedi isiyo na waya hashtuki. Wakati ule Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni. Mwenye TV alitazama kanda za video kwenye deki, na mwenye tamaa zaidi alisimamisha mlingoti wa antena juu ya paa avute picha za Unguja zenye chenga. Kumbi za gemu zilikuwa za kuhesabu. Kinondoni kulikuwa na bwana mmoja mwenye ukumbi, anajivuna nao, lakini pedi zake zilikuwa na waya, na waya zile wateja walizikanyaga, wakajikwaa nazo, wakaziunga kwa plasta ya kidonda. Kwangu mchezaji alikaa kwenye benchi ukutani, akabonyeza, na mtu mdogo kwenye kioo akapiga shuti. Katikati yao hapakuwa na kitu. Siku ya kwanza nilipoonyesha, jirani mmoja alipitisha mkono kwenye ile nafasi akitafuta uzi.

Hapakuwa na uzi. Pedi zile zilirusha mwanga ambao jicho la binadamu halioni, na mwanga huo ulipokelewa na kidude kidogo chenye kijicho cheusi, kilichokaa juu ya TV kikiwatazama wachezaji. Kidude hicho nilikigandisha palepale kwa gundi ya chuma, kwa sababu nawajua watu wa kwetu na mikono yao.

Kazi ya kurusha mwanga inakula betri. Kila pedi ilichukua betri nne ndogo, na ilizimaliza upesi kuliko tochi au redio. Hilo nililijua tangu nje, ndiyo maana nilirudi na betri za kuchaji pamoja na chaja yake. Mtu aliyesoma anajua kitakachomfika kabla hakijamfika. Nilichokuwa sijui ni kwamba ningezikabidhi mikononi mwa shemeji yangu.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa amepunguzwa kazini kwenye kiwanda cha nguo. Alishinda kibarazani na redio yake, akisikiliza taarifa ileile kila saa kana kwamba huenda ingebadilika wakamwita tena. Ni mtu mwema, na ninalisema hilo sasa kwa sababu baadaye sitapata nafasi. Dada alinipa sebule yake niifanye ukumbi, nami nikampa shemeji usimamizi wakati nikienda Kawe na Mbezi kutengeneza deki za watu wenye nyumba kubwa. Nilimwachia agizo moja tu. Pedi zikichoka, toa betri, tia kwenye chaja, chomeka ukutani.

Alasiri moja nikarudi kutoka Kawe, nikakuta ungo umetolewa. Juu yake zilikuwa betri zangu za kuchaji, nilizozibeba kwenye ndege ndani ya soksi za sufu. Kila moja ilikuwa na tundu kwenye makalio, na kwenye tundu kunatoka povu.

"Shem, hiki ni nini?"

"Zilikufa," akasema kwa huruma, kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Hazikufa. Zilitaka kuchajiwa."

"Si ndiyo nimezichaji? Nimezitoboa kwa msumari, nikazitia maji ya chumvi. Acha zikauke. Jioni zitakuwa kali hizo, utaniambia."

"Na chaja niliyokuachia?"

"Chaja inakula umeme, shem. Jua la bure."

Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza nikaziangalia. Nimekaa darasani na watu wa mataifa mbalimbali, nimefanya mitihani kwa lugha ambayo nilianza kujifunza nikiwa na ndevu, nimefaulu, nimerudi. Na teknolojia niliyorudi nayo imeishia kutobolewa kwa msumari wa inchi mbili na kutiwa chumvi kama muhogo. Mtu akitaka kujua kwa nini tumechelewa asiende mbali. Aje aangalie ungo ule.

Baada ya hapo tukawa watumwa wa betri za Kariakoo. Betri zile zilikuwa na picha za chui na za roketi, na nyingine zilitoka kwenye pakiti zikiwa zimeshazeeka. Hata hivyo betri dhaifu inaweza kufanya kazi ya maana ikitumiwa na mtu mwenye akili. Kilichoniua si betri. Kilichoniua ni kwamba shemeji alikuwa na falsafa.

Niliigundua siku nilipofungua pedi na kukuta ndani betri mbili mpya na mbili zilizokwisha, zimelala pamoja.

"Kwa nini umechanganya?"

"Mpya zinawasaidia wazee."

"Betri hazisaidiani."

"Kila kitu kinasaidiana, shem." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa malezi. "Mbili zina nguvu, mbili zimechoka. Ukizitia pamoja mwendo unakuwa wa kati. Hakuna anayeachwa. Si hivyo ndivyo tulivyoishi?"

Nchi nzima ilikuwa inautoa ujamaa madukani na viwandani, na huyu bwana alikuwa ameuokota na kuuingiza ndani ya pedi yangu. Nilimweleza. Nilimwambia kwamba betri iliyochoka haibebwi na wenzake, bali inageuka kizuizi njiani. Zile mpya zinatumia nguvu zao kuusukuma umeme upite ndani ya mzigo ule, zote nne zinakufa kabla ya wakati wake, na ile kongwe mwishowe inatema uteute unaokula shaba. Nilimchorea mpaka mchoro kwenye mchanga kwa kijiti. Alinisikiliza kwa adabu sana, kama watu wanavyosikiliza habari za theluji. Kesho yake alichanganya tena.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia, na kwa biashara yangu hiyo ilikuwa neema. Baada ya swala ya alasiri wanaume wanatafuta kitu cha kusukumia saumu mpaka magharibi. Wengine hucheza bao, wengine hulala msikitini. Mtaani kwetu walianza kuja kwangu, watu wazima na kofia zao, wakajaza benchi na mkeka. Wawili ndio waliokuwa vinara. Mmoja alikuwa karani wa bandarini, mtu mzima mwenye miwani, ambaye nilimwamkia shikamoo kisha nikamwona akimtukana refa wa kwenye kioo. Mwingine alikuwa muuza nyama wa buchani ng'ambo ya barabara, mwenye vidole vinene kama ndizi bukoba, na ambaye kila pedi ilipoanza kulegea aliibonyeza kwa nguvu zaidi, akikunja na uso.

"Nguvu za kidole chako haziingii kwenye betri," nikamwambia.

"Zinaingia, braza. Mbona nikiminya sana inakubali?"

"Inakubali kwa sababu ukiminya unainamia mbele. Umeisogelea TV."

"Basi nitakuwa nainama."

Pedi zikazima katikati ya mechi, siku baada ya siku. Ilipozima, kila mtu alikuwa daktari. Mmoja alizigonganisha betri. Mwingine alizisugua kwenye paja. Muuza nyama aliziuma kwa magego, akaacha alama za meno, kisha akakumbuka amefunga na akaanza kuuliza kama kuuma betri kunabatilisha saumu. Karani alisema hakubatilishi maadamu hakumeza. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi. Nilisimama pembeni na stashahada yangu.

Wakaanza kupungua. "Gemu yake inazima roho," walisema mtaani. Kisha akaja mwanamke mmoja mwenye saluni, aliyekuwa anatafuta sehemu kubwa zaidi, akasimama katikati ya sebule akipima kwa macho mahali pa kuweka viti vya wateja wake. Mimi nimo ndani, wateja wangu wamo ndani, yeye anapima. Dada alikuwa kwenye kona yake, anafuma. Tangu mwezi mwandamo alikuwa anafuma kitambaa cheupe, kikubwa, cha maua yaliyoungana, na mikono yake haikusimama hata alipozungumza.

"Mdogo wangu," dada akasema baada ya yule mwanamke kuondoka, "mie nakupenda. Lakini sebule imekuwa kituo cha watu wazima kulalamika. Wageni wangu wa Idd watakuja, ndugu zetu wa Mbagala watakuja. Hivyo vidude vyako vikizima mbele ya wageni wangu Idd Mosi, Idd Pili mwenzio anaingiza vioo vyake."

"Havitazima."

"Inshallah."

"Havitazima," nikarudia, maana inshallah ya dada ilikuwa ya mtu aliyekwishakubali viingie vioo.

Kama dada angeniondoa pale, nisingepata sebule nyingine mtaani, na yule bwana wa Kinondoni mwenye waya za plasta angecheka mpaka ang'oke jino. Nikaacha deki za Kawe. Nikakaa ukumbini mwenyewe, nikazitazama pedi kama mgonjwa anavyotazamwa.

Jambo la kwanza nililoliona ni swichi. Pembeni mwa kila pedi kulikuwa na swichi ndogo ya kupiga risasi mfululizo, iliyowekwa kwa ajili ya gemu za vita. Wachezaji wangu waliisukuma juu hata kwenye mpira, kwa imani kwamba mshambuliaji atakuwa na mbio zaidi. Kumbe pedi ikawa inarusha mwanga bila kupumzika, hata mpira ukiwa umetoka nje. Nilizikata nyaya za swichi hizo ndani kwa ndani, nikawaachia swichi yenyewe waendelee kuisukuma. Karani aliisukuma mpaka Idd, akisifu mbio za winga wake.

Kisha nikaondoa benchi ukutani. Betri ikichoka, mwanga wa pedi unaishia karibu tu, haujafa. Nilitandika mkeka karibu na TV, nikawaambia wakae chini. Betri ambazo ukutani zilihesabiwa maiti zilicheza siku nzima nyingine kwenye mkeka. Wakasema nimezisomea kisomo. Nikawaacha waamini hivyo, kwa sababu wangetaka nieleze, na kueleza nilikwishachoka.

Halafu nikaondoa ujamaa. Nilichukua rangi mbili za kucha za dada, ambazo kwa Ramadhani ile hazikuwa na kazi, nikapaka betri makalio. Nne nyekundu zilikuwa ukoo mmoja, nne za waridi ukoo mwingine. Zinaingia pamoja, zinatoka pamoja, zinastaafu pamoja. Shemeji alizigeuza mkononi.

"Sasa hii nyekundu ikichoka peke yake?"

"Haiwezi kuchoka peke yake. Zimefanya kazi sawasawa."

"Hakuna kazi ya sawasawa, shem," akasema. "Nimekaa kiwandani."

Nikazichukua mkononi mwake na kuzifungia kabatini.

Hata hivyo nilijua kwamba Idd si siku ya kawaida. Watacheza tangu baada ya swala ya Idd mpaka jua lizame, bila kituo, na hakuna betri ndogo ya Kariakoo inayoweza kubeba siku kama hiyo. Hapa ndipo elimu inapojitenga na mazoea. Watu wanadhani betri kubwa ya redio ina umeme mkali kuliko betri ndogo, eti ukiitumia kwenye kitu kidogo itakiunguza. Si kweli. Ukali wake ni uleule. Tofauti ni tumbo: kubwa imebeba akiba nyingi zaidi. Nikanunua betri kubwa mpya, za kundi moja, nikakata bomba la plastiki vipande viwili, nikazishindilia nne nne kwa mstari kama ndani ya tochi ndefu, nikatoa nyaya mbili fupi mpaka ndani ya kila pedi. Bomba likafungwa kwenye mkanda, mchezaji analivaa kiunoni.

Muuza nyama alilitazama lake kutoka juu mpaka chini.

"Braza, si ulisema gemu yako haina waya?"

"Haina."

"Na hii?"

"Hiyo inatoka kiunoni kwako kwenda mkononi kwako. Haiendi kwenye TV."

"Kwa hiyo waya si kwamba haupo. Umenivalisha mie."

Watu walicheka sana. Nikamwambia kama hataki avue aende Kinondoni. Hakuvua.

Idd Mosi wakaja. Kanzu zimenyooshwa, ukumbi unanuka udi na mafuta ya nywele, sahani za pilau zinapita juu ya vichwa. Pedi zikafanya kazi. Zilifanya kazi mechi ya kwanza na ya pili na zilizofuata, mabomba yakihama kutoka kiuno kimoja kwenda kingine, na hakuna aliyeuma kitu isipokuwa nyama. Wanawake wa Mbagala walikuja wakachungulia, wakasema "Kumbe!" wakarudi uani. Mwanamke wa saluni naye alikuja kama mgeni, na sahani yake, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko pilau ilivyohitaji. Nilimsalimu kwa heshima zote.

Ilipoadhiniwa adhuhuri nikazima pedi, maana hiyo ilikuwa sheria yangu: hakuna pedi inayoachwa macho wakati watu wanaswali. Tukaenda msikitini. Mechi iliyobaki ndiyo iliyosubiriwa na mtaa mzima, karani dhidi ya muuza nyama.

Tuliporudi nilikuta watu wamejaa mpaka dirishani. Karani akavaa bomba lake, muuza nyama akavaa lake. Nikawasha. Mpira ukatokea katikati ya uwanja, wachezaji wamejipanga. Karani akabonyeza. Hakuna. Muuza nyama akabonyeza. Hakuna.

"Betri," akasema karani.

"Betri!" wakaitikia nyuma, kama wanaitikia dua.

Muuza nyama alishaanza kulegeza mkanda. "Leteni niziume kidogo."

"Usiguse!"

"Umezizima, shem," shemeji akasema kutoka kibarazani. Sauti yake haikuwa na kejeli, na hilo liliniudhi zaidi. "Betri ikilala na uchovu haiamki. Lete kwangu, ungo ninao hapa."

Nikamwona dada mlangoni. Pembeni yake alisimama mwanamke wa saluni, ameshusha sahani.

"Ndiyo zimezima hizo?" yule mwanamke akauliza, kwa upole kabisa.

Dada alikuwa ananitazama mimi.

Mtu ambaye hajasoma angechanganyikiwa hapo. Mimi nilichukua taa yangu ndogo ya kupimia nikaigusisha kwenye bomba la karani. Ikawaka. Nikaigusisha kwenye bomba la muuza nyama. Ikawaka vilevile. Nikasimama nikafikiri, huku watu wakiniambia nizitemee mate. Mabomba mawili yasiyojuana hayawezi kufa kwa dakika moja. Betri zinakufa kila kundi kwa ajali yake. Pedi zote mbili zikinyamaza pamoja, kasoro haipo kwa wanaosema. Ipo kwa anayesikia.

Nikageuka kuitazama TV.

Wakati sisi tuko msikitini, dada alikuwa ameivisha. Kile kitambaa alichofuma Ramadhani nzima kilikuwa kimefunika TV juu na ubavuni, kimewekewa wanga kikasimama, kimetiwa bitana ya satini nyeupe kwa ndani, na mbele kimening'inia kwa maua matatu yaliyofika kwenye ukingo wa kioo. Juu yake kulikuwa na vesi ya maua ya plastiki. Na chini ya satini, kimegandishwa kwa gundi yangu mwenyewe, kilikuwa kijicho changu, kipofu. Watu wote mle ndani walikuwa wanatazama TV ileile, na hakuna hata mmoja aliyefikiri zaidi ya betri.

"Dada, hicho kitambaa kitoke."

"Kitoke kiende wapi?"

"Kimeziba jicho la mashine."

"Jicho gani? Mie naona TV imependeza."

"Imependeza kweli," akasema mwanamke mmoja wa Mbagala dirishani. "Mashallah."

"Dada, pedi hazisikiki. Toa kwa muda, mechi ikiisha utarudisha."

"TV ikae uchi siku ya Idd? Watu wote hawa wamekuja nyumbani kwangu, nianze kuvua vitu mbele yao?"

"TV ni yangu."

"Na sebule?"

Watu wakaguna wote kwa pamoja. Mwanamke wa saluni akatazama sakafu kwa adabu, lakini aliitazama kwa upana wa viti vinne.

"Mwezi mzima nimefuma hicho," dada akasema, sauti imeshuka. "Kwa macho yangu haya, na saumu. Hakitoki leo. Gemu ichezwe na kitambaa kikae. Wewe si una diploma?"

Nilikivuta kidude, lakini gundi ile ilikuwa nzuri. Mimi sinunui gundi mbaya. Hakikusogea. Nikasimama ubavuni mwa TV, nikashika vesi kwa mkono wa kushoto isianguke, na kwa vidole viwili vya mkono wa kulia nikainua pindo la kitambaa, maua matatu na bitana yake, mpaka kijicho kikaona ukumbi.

"Bonyeza," nikamwambia karani.

Winga wake akakimbia.

Ukumbi ukalipuka. Nikaachia nione kama ni kweli, winga akasimama kama nguzo. Nikainua, akaendelea. Hapo hata shemeji aliacha ungo akaja kuchungulia.

Nilikishika kitambaa kile mechi nzima. Nina stashahada, nimeona nchi ambazo wao wanazisikia redioni, na nilisimama Idd Mosi nimeinua pindo kwa vidole viwili mbele ya watu walioacha hata kutazama mpira.

"Braza, inua kidogo, unatupunja!"

"Mpambe! Usimwangushe bi harusi!"

"Mwacheni," karani akasema bila kugeuza miwani yake kutoka kwenye kioo. "Kila mtu na kazi yake."

Mkono ulikufa ganzi. Sikuushusha. Karani alishinda kwa bao la mwisho, akapiga magoti kwenye mkeka na bomba lake kiunoni, na pedi hazikuzima. Wengine wakadai zamu yao, nami sikuwa na jinsi. Nikashika mpaka ilipoadhiniwa alasiri. Katikati ya mechi moja mwanamke wa saluni alikuja kumuaga dada.

"Mie nitaangalia pengine," akasema. "Hapa pana wenyewe."

Dada akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alisimama mbele yangu, akanigusa begani kwa kidole.

"Sebule kaa nayo," akasema. "Ila hiyo vesi ukiivunja tutaongea."

Asubuhi ya Idd Pili niliamka mapema nikitafuta bisibisi ya kubandulia kidude kabla wageni hawajaja. Sikuihitaji. Pindo la mbele la kitambaa lilikuwa limekunjwa kwa ndani na kushonwa kwa mkono, ua moja limefichwa, na kijicho kilikuwa kinachungulia chini yake. Nilimkuta dada jikoni.

"Nimekipunguza," akasema bila kugeuka. "Wageni wa leo wasikukute umesimama pale."

Ukumbi ule niliuendesha miaka iliyofuata, mpaka nikahamia Mabibo nikafungua mkubwa zaidi. Mtaani kwetu hawajawahi kuniita fundi wala mtaalamu. Waliniita Mpambe, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo, watu ambao hawajui hata nini kiliwafanya wacheze siku mbili mfululizo bila kuzimiwa. Waulize kuhusu Idd ile, watakusimulia kitambaa. Hakuna hata mmoja atakayekusimulia betri.

Betri zenyewe zilitoka Idd Pili zikiwa bado na nguvu. Shemeji aliziomba kwa ajili ya redio yake, nami nikampa kwa sharti moja, akaapa. Siku chache baadaye nikapita kibarazani, redio inaimba vizuri. Nikaigeuza nikafungua mgongo wake. Mbili zilikuwa zangu. Mbili zilikuwa na vumbi la mchele.

"Zinasaidiana, shem," akasema.

Nikafunga kifuniko, nikaingia sebuleni kwangu kuwasha TV.